Kumpeleka binti China alikozaliwa: mwongozo kamili kwa familia iliyoasili

Tarehe 5 Septemba 2024 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China, Mao Ning, aliwaambia waandishi wa habari kwamba nchi yake haitatoa tena watoto kuasiliwa nje, isipokuwa kwa ndugu wa damu wa karibu na wazazi wa kambo. Mlango uliofunguliwa kisheria mwaka 1992 ukafungwa. Watoto zaidi ya 160,000 walikuwa wameshaondoka, karibu nusu yao wakienda Marekani na wengine Hispania, Uholanzi, Kanada, Sweden na kwingineko. Wengi wa kundi la mwisho sasa wamevunja ungo, wana simu zao na maswali yao, na swali moja linarudi mezani kila likizo inapokaribia: tunakwenda lini?

Mwongozo huu ni wa anayejibu swali hilo. Huenda ulimchukua mwenyewe akiwa na miezi kumi. Huenda pia uliolewa Minneapolis au Rotterdam ukakuta nyumbani kuna binti wa Hunan, na sasa unaitwa mama na unatakiwa ujue mambo ambayo hukuwepo yalipotokea.

Kabla ya kugusa tiketi, elewa kwamba hapa kuna safari tatu. Kuna kuiona nchi. Kuna kukiona kituo alicholelewa. Kuna kuwatafuta waliomzaa. Kila moja ina ruhusa zake, gharama zake na uchungu wake, na kosa kubwa la familia nyingi ni kuzifunga zote kwenye wiki mbili kwa kuwa nauli ni ghali. Ukiniuliza mimi, safari ya kwanza iwe ya nchi na kituo. Ya tatu ingojee, labda binti mwenyewe aseme vingine.

Hatua ya kwanza: binti ndiye mwenye safari

Kaa naye, muulize mambo matatu kwa nyakati tofauti, si siku moja. Unataka kwenda China? Ukienda, unataka kufika kituoni? Kuna mtu unayetaka kumtafuta? Majibu yanaweza kuwa ndiyo, sijui na hapana, na yote matatu ni majibu kamili. Akisema anataka kuona panda wa Chengdu na kula tambi zenye pilipili tu, mpelekeni akaone panda.

Usimfanyie ya kushtukiza, hata kama ni zawadi ya kuhitimu. Usimwambie pia kwamba "tumejinyima miaka mitatu kwa ajili ya safari hii", kwa sababu ukishasema hivyo hatathubutu kukuambia asubuhi ya siku ya kituo kwamba tumbo linamvuruga na hataki kushuka kwenye gari. Mwambieni mapema, wazazi wote wawili, kwamba anaweza kusimamisha jambo lolote, saa yoyote, hata mlangoni. Wekeni ishara ya siri: kugusa sikio, neno fulani, chochote. Ikitolewa, mtu mzima ndiye anayeaga wenyeji, na lawama anabeba yeye.

Umri una uzito wake. Wa miaka kumi hufurahia kila kitu na kusahau nusu. Wa kumi na tano huona kila kitu na kusema robo. Mtu wa kuzungumza naye kabla ya safari atasaidia sana: mshauri anayeelewa masuala ya kuasili au, bora zaidi, msichana mkubwa aliyeasiliwa China na amekwisha kurudi. Huyo atamwambia mambo ambayo wewe hutaweza.

Hatua ya pili: fungua sanduku la makaratasi

Hapa ndipo kazi ilipo, na unaweza kuanza leo bila kutumia hata senti.

Familia nyingi zilipewa bahasha ya hati: cheti cha kuzaliwa kilichothibitishwa na ofisi ya mthibitishaji, cheti cha kuokotwa au kuachwa, cheti cha usajili wa kuasili, pasipoti ya Kichina aliyosafiria mtoto, ripoti ya afya, na pengine picha ndogo. Toa zote. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, pamoja na mihuri. Kisha mpe mfasiri mwingine azifasiri upya, kwa sababu tafsiri za wakati ule mara nyingi zilifupishwa: Kichina kinataja kijiji na saa, tafsiri inasema "alipatikana mjini". Majina ya mahali yaandikwe kwa herufi za Kichina, si kwa herufi zetu peke yake. Bila toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, jina moja linaweza kuwa la vijiji ishirini.

Tafuta pia tangazo la gazeti. Kabla mtoto hajaasiliwa, kituo kilitakiwa kutangaza kwenye gazeti kwamba ameokotwa, na wenye mtoto walipewa siku 60 za kujitokeza. Matangazo hayo huwa na kipicha, tarehe, mahali, na wakati mwingine nguo alizovaa. Kuna watu waliokusanya magazeti hayo na kuuza nakala kwa familia. Kwa watoto wengi ndiyo picha yao ya kwanza duniani.

Angalia jina. Vituo vingi viliwapa watoto wote jina moja la ukoo: wengine jina linalotokana na mji, wengine Guo, yaani nchi, wengine Dang, yaani chama. Jina la kati au la mwisho linaweza kuwa alama ya mwaka au kundi alilopokelewa nalo. Binti akidhani hilo ni jina la baba yake, mweleze ukweli nyumbani, asije akaupata kwa mkalimani mbele za watu.

Sasa sehemu ngumu. Makaratasi haya si msahafu. Tarehe ya kuzaliwa mara nyingi ilikadiriwa na daktari. Mahali pa kuokotwa, ukilinganisha na familia nyingine za kituo hichohicho, unaweza kukuta watoto kumi wote waliachwa "langoni". Kuna mambo makubwa zaidi. Mwaka 2005 polisi walifichua mtandao uliokuwa ukiviuzia watoto wachanga vituo vya eneo la Hengyang, mkoani Hunan, na mwaka uliofuata watu walihukumiwa. Mwaka 2011 jarida la Caixin liliandika jinsi maofisa wa uzazi wa mpango wilayani Longhui, Hunan hukohuko, walivyochukua watoto kutoka mikononi mwa familia zilizovunja sera ya mtoto mmoja na kuwapeleka kituo cha Shaoyang, ambako wote walipewa jina la ukoo Shao. Kwa hiyo sentensi ile ya "wazazi wako walikuacha kwa kuwa walikupenda" usiiseme kama unavyosema jua hutoka mashariki. Sema: makaratasi yanasema hivi, na kuna watoto ambao makaratasi yao hayakusema kweli.

Jambo jingine linalosahaulika ni afya. Miaka ya mwanzo walioasiliwa walikuwa hasa wasichana wachanga wazima. Kufikia miaka ya 2010 wengi walikuwa watoto wenye mahitaji ya kiafya: midomo iliyopasuka, moyo, uti wa mgongo. Wavulana nao wakaongezeka. Kama binti yako ana kovu la upasuaji uliofanyika China, faili la hospitali linaweza kusema zaidi ya faili la kituo. Na kama aliokotwa Guangzhou mwanzoni mwa 2014, jua kwamba mji huo ulifungua chumba salama cha kuachia watoto mwishoni mwa Januari mwaka ule, wakaachwa watoto 262 kabla ya kusimamishwa katikati ya Machi. Aliyeachwa pale hakutupwa kichakani. Kuna aliyemfunika, akampeleka palipokuwa na joto na watu, halafu akaondoka.

Hatua ya tatu: omba ruhusa ya kituo mapema

Kituo cha ustawi wa jamii si mahali pa kubisha hodi. Ni taasisi ya serikali yenye watoto ndani, na mlinzi wa getini hana mamlaka ya kukuonea huruma. Njia ya kawaida ni kuomba kupitia CCCWA, taasisi ya Beijing iliyosimamia uasili wote wa nje, au kupitia ofisi ya mambo ya kiraia ya mji husika. Wakala aliyewahudumia wakati wa kuasili, kama bado yupo, anaweza kupeleka ombi. Kama amefunga, kampuni za safari zinazoshughulika na familia za namna hii zinajua njia. Anzeni miezi minne hadi sita kabla.

Katika ombi tajeni jina la Kichina la mtoto, tarehe ya kuasiliwa, nakala za pasipoti za wote, tarehe mnayotaka, na mambo mnayoomba. Andikeni waziwazi: kuona faili lake, kupiga picha kurasa zake, kukutana na mlezi aliyemjua, kufika mahali alipookotwa. Kisichoandikwa kwenye ombi, siku ile mtaambiwa hakikuandaliwa. Hata kilichoandikwa si ahadi. Kituo kimoja huweka faili mezani na chai pembeni, kingine huonyesha ukurasa wa kwanza tu na kufunga.

Ulizeni swali moja ambalo wengi hawaliulizi: je, alilelewa na familia ya muda nje ya kituo? Vituo vingi viliwagawa watoto kwa familia za kijijini au za mjini zilizolipwa kuwalea. Mama wa namna hiyo aliamka naye usiku, alimfundisha kutembea, na huenda picha yake bado iko ukutani. Walezi wa kituo walikuwa na watoto wengi mikononi. Huyu alikuwa na mmoja au wawili. Kwa binti wengi hapo ndipo penye kumbukumbu ya kweli. Ulizeni pia kama kituo kilikuwa na programu ya Half the Sky, shirika ambalo siku hizi linaitwa OneSky. Waliokuwa kwenye madarasa yao wakati mwingine walitengenezewa vitabu vya picha na maelezo.

Jiandaeni pia kwamba jengo halipo. Vituo vingi vilihamia majengo mapya pembezoni mwa miji, na yale ya zamani yakabomolewa au kugeuzwa mengine. Waliobaki ndani leo ni watoto wachache, wengi wakiwa na ulemavu.

Hatua ya nne: pasipoti na viza

China haitambui uraia wa nchi mbili. Raia wake anayeishi nje akichukua uraia mwingine hupoteza wa Kichina papo hapo kisheria, kwa hiyo binti ataingia kama mgeni, kwa pasipoti ya nchi yenu. Lakini pasipoti hiyo imeandikwa amezaliwa China, na ubalozi kwa kawaida huomba pasipoti ya zamani ya Kichina kwa anayeomba viza mara ya kwanza tangu abadili uraia. Ile pasipoti ndogo ya utotoni mliyoiweka kabatini ndiyo hiyo. Kama imepotea, pelekeni cheti cha kuasiliwa, cheti cha uraia na barua fupi ya maelezo.

Raia wa nchi kadhaa za Ulaya wanaingia bila viza kwa siku 30 chini ya mpango wa muda unaoongezwa mara kwa mara. Kuna pia ruhusa ya kupita bila viza kwa saa 240, iliyopanuliwa Desemba 2024, ambayo Wamarekani wamo. Masharti yake makuu ni mawili: lazima muwe mnaendelea kwenda nchi ya tatu, si kurudi mlikotoka, na msitoke nje ya maeneo yaliyoruhusiwa. Katika mkoa wa Jiangxi, mathalani, ruhusa imewekewa miji michache tu, na kituo cha binti kinaweza kuwa nje yake. Kwa safari ya kituo mimi ningechukua viza ya kawaida, nisiwe na saa ya kuhesabu kichwani.

Na wewe mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda: nchi zetu hazimo kwenye orodha ya saa 240. Familia nzima inaweza kupita getini wewe ukabaki dirishani. Omba viza yako kwanza kabla ya wengine kukata tiketi.

Hatua ya tano: majira, njia na mpangilio wa siku

Epukeni Mwaka Mpya wa Kichina na wiki ya kuanzia tarehe 1 Oktoba. Nchi nzima iko njiani na ofisi zimefungwa. Julai na Agosti ndiyo likizo ya watoto wenu, lakini Changsha, Nanchang na Wuhan zinachemka miezi hiyo, na Guangdong hupigwa na tufani. Aprili baada ya Qingming, siku za kuzuru makaburi, au nusu ya pili ya Oktoba, ni bora. Kituo kitembelewe siku ya kazi.

Msianze na kituo. Anzeni na mji mkubwa wenye mambo ya kuona, siku tatu au nne, mpaka usingizi ukae sawa na mgeni aache kushangaa. Beijing inafaa, Chengdu inafaa. Kisha treni ya mwendokasi kwenda mkoa wake. Wekeni kituo katikati ya safari, siku inayofuata iachwe tupu kabisa, bila mwongozaji, bila jumba la makumbusho. Halafu mmalizie mahali pa kucheka: bahari, milima ya Guilin, bustani ya michezo ya Shanghai. Familia zinazoweka kituo siku ya mwisho hujikuta uwanja wa ndege kesho yake na mtoto anayelia mbele ya mkaguzi wa mizigo.

Waliochukuliwa na familia za Marekani wote walipitia Guangzhou, kwa kuwa viza zao zilitolewa huko. Mpaka 2013 ubalozi mdogo wa Marekani ulikuwa kisiwani Shamian, jirani na hoteli ya White Swan, ambako karibu kila familia ilipiga picha ya watoto wakiwa wamepangwa kwenye kochi jekundu. Kama mna picha hiyo, nendeni mkapige nyingine. Guangzhou hiyohiyo ndiyo ya wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh. Mkichoka na wali wa mvuke, mtaa wa Xiaobei una mikahawa ya Kiafrika na wasemaji wa Kiswahili. Kutoka hapo mpaka Changsha ni saa mbili na nusu hivi kwa treni.

Mambo madogo ya njiani, kwa haraka. Unganisheni kadi za benki na Alipay au WeChat, programu za simu za huko, mkiwa nyumbani, maana hata muuza mahindi ya kuchemsha hulipwa kwa simu. Bakini na yuan chache za karatasi. WhatsApp, Instagram na Google hazifunguki kwa mtandao wa kawaida wa China, kwa hiyo nunueni laini ya kimataifa kabla, na mpakue programu ya kutafsiri inayofanya kazi bila intaneti. Benki ya chaji isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China, hunyang'anywa kwenye ndege za ndani tangu Juni 2025. Tiketi za treni hukatwa kwa pasipoti, jina liandikwe vilevile. Mkilala kwa mtu binafsi badala ya hoteli, mjiandikishe polisi ndani ya saa 24.

Hatua ya sita: mkalimani

Msiokoe pesa hapa. Tafuteni mkalimani aliyewahi kushughulika na familia zilizoasili, ikiwezekana mwanamke, na anayeelewa lahaja ya eneo. Mlezi mzee wa kijijini Hunan au Jiangxi hasemi Kichina cha televisheni.

Mkubaliane mambo haya kabla: atafsiri kila kitu, hata kisichopendeza, asiongeze faraja zake, asiulize maswali yake, na asimwambie mtu yeyote binti anakaa hoteli gani. Wakalimani wazuri kwa wema wao hulainisha maneno. Mzee akisema "alikuwa amekonda, tulidhani atakufa", ninyi mkasikia "alikuwa mdogo lakini mzuri", binti amenyimwa kitu chake.

Mtaani nako kuna kazi. Watu watamsemesha binti Kichina, kisha watamtazama, kisha watawatazama ninyi. Wahudumu wa mgahawa watampa yeye menyu na kumngoja aagize kwa ajili ya wote. Mfundisheni sentensi mbili: Wǒ zài Měiguó zhǎngdà, yaani nimekulia Marekani (aweke nchi yake), na Wǒ tīng bù dǒng, yaani sielewi. Si lazima amweleze dereva wa teksi historia yake. Mwambieni pia kwamba kwa mara ya kwanza atafanana na kila mtu barabarani, na ninyi ndio mtakaokodolewa macho. Wengine hufurahia hilo kupita kiasi na hutembea hatua ishirini mbele yenu. Mwacheni atangulie.

Hatua ya saba: siku ya kituo

Kuleni asubuhi hata kama hakuna mwenye njaa. Zawadi zitosheleze ofisi na walezi: chokoleti, matunda makavu, kitu cha nchi yenu, na albamu ndogo ya picha za binti tangu alipoondoka. Albamu hiyo ndiyo zawadi yenyewe. Walezi wataipitia ukurasa kwa ukurasa na kuanza kukumbuka. Mpeane kwa mikono miwili. Msibebe saa ya ukutani wala ya mezani, ni zawadi ya kisirani huko. Kama mnataka kutoa mchango, uulizieni kabla na utolewe ofisini kwa risiti, si mbele ya watoto.

Mapokezi yataanza na chumba cha mikutano, chai, mkurugenzi na hotuba. Vumilieni. Mara nyingi mkurugenzi wa leo hakuwepo wakati ule, na hotuba yake ni ya mwenyeji kwa mgeni. Baada ya hapo ombeni faili. Mkiruhusiwa kupiga picha, mmoja wenu apige kila ukurasa bila kusoma. Kusoma kutafanyika hotelini. Mkikatazwa, mkalimani asome kwa sauti na mtu mmoja aandike. Angalieni hasa: nani alimwokota, nani alimpeleka, kituo gani cha polisi kiliandikisha, kulikuwa na kikaratasi chenye tarehe na saa ya kuzaliwa, alikuwa na uzito gani. Kama kulikuwa na kikaratasi, kikaratasi chenyewe kiko wapi?

Mlezi akija, mpeni nafasi. Wanawake hawa huitwa ayi, na wengine watamshika binti mashavu, watamwambia amenenepa, watalia. Binti anaweza asihisi kitu. Asilazimishwe kukumbatia, asilazimishwe kulia, na msimpige picha wakati huo wote. Mtu mmoja apige chache, basi. Muulizeni mlezi mambo madogo: alilala upande gani, alipenda chakula gani, aliitwa nani kwa kubembelezwa. Usiulize "walimpenda?" Watajibu ndiyo, na hakuna atakayejua zaidi.

Mkipitishwa vyumba vya watoto, simu ziingie mfukoni. Binti atawaona waliobaki, na hapo ndipo wengi hushindwa: kwa nini mimi, si yule? Usijibu pale. Usijibu usiku ule pia, kama huna jibu.

Mahali alipookotwa pafikieni mwisho, kwa muda mfupi. Panaweza kuwa lango la hospitali, soko, daraja, au maegesho ya magari yaliyojengwa juu ya kilichokuwepo. Baadhi hutaka kusimama peke yao dakika kumi. Baadhi hucheka. Kisha mle vizuri.

Hatua ya nane: kama anataka kuwatafuta waliomzaa

Rudini kwanza kwenye swali la tatu mlilomuuliza mwanzo, na jibu litoke kwake. Kisha anzeni na vinasaba, si mabango.

Kipimo cha nyumbani, cha kampuni za Marekani au Ulaya, huonyesha hasa ndugu wengine walioasiliwa: dada, binamu, wakati mwingine pacha. Hilo si dogo. Lakini kabla hujatuma mate ya mtoto wa miaka kumi na minne, kumbuka kwamba taarifa hizo haziondoki. 23andMe iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025 na wateja wakabaki wakiulizana data zao zinauzwa kwa nani. Ngojeni awe mtu mzima kama hana haraka.

Wazazi walioko China hawamo kwenye hifadhi hizo. Ndani ya nchi, polisi wana hifadhi ya vinasaba ya kitaifa ya kuunganisha watoto waliopotea na familia, iliyoanza 2009, na aliyeasiliwa anaweza kuomba kutoa damu yake akiwa huko. Shirika la kujitolea la Baobei Huijia, lililoanzishwa mkoani Jilin mwaka 2007, huandikisha wanaotafutana bila malipo. Makundi kama Nanchang Project na DNAConnect yana uzoefu wa kuunganisha pande mbili. Mtakaloepuka ni kubeba mate au nywele za mtu mkirudi nazo. Kanuni za China zinazotumika tangu Julai 2019 zinawazuia wageni kukusanya na kutoa nje sampuli za vinasaba vya Wachina. Hata mama mwenyewe akikupa kwa hiari yake, mpe nafasi ya kupimwa hukohuko.

Mabango na video za mitandaoni hufanya kazi, na ndiyo maana ni hatari. Video ya msichana aliyerudi kutafuta mama huweza kutazamwa na watu wengi mno kwa usiku mmoja, na asubuhi familia kadhaa ziko hotelini, kila moja ikisema ni wetu, kila moja ikiwa imempoteza mtoto wa kweli mwaka uleule. Kama mnabandika, tumieni namba mpya ya WeChat ya mkalimani, picha ya utotoni tu, na msitaje hoteli. Na asiwepo atakayeitwa mama kabla ya majibu ya maabara.

Wanaohojiwa kijijini wana woga wao. Sheria ya jinai bado inaadhibu kutelekeza mtoto, na kuna bibi ambaye ameficha jambo hilo kwa mkwe wake maisha yote. Msisimame mlangoni mkipaza sauti. Mkalimani aende peke yake kwanza, aache namba, aondoke.

Wakipatikana, kutaneni mara ya kwanza kwenye chumba cha hoteli au cha chai, saa mbili, bila kamera za televisheni na bila ukoo mzima. Mwandae binti kwa jambo ambalo hutokea sana: dada wakubwa waliobaki nyumbani, na mdogo wa kiume aliyezaliwa baada yake. Atapiga hesabu mwenyewe. Wazazi hao wanaweza kulia, kupiga magoti, kumpa bahasha nyekundu yenye pesa nyingi kuliko uwezo wao. Bahasha ipokelewe kwa mikono miwili, na mjadili baadaye namna ya kurudisha heshima. Wakiomba alale kwao usiku ule, ninyi ndio mtakaosema hapana, si yeye.

Hatua ya tisa: mkirudi

Wiki mbili za kwanza atakuwa amechoka, mkali, au mkimya. Shule ijulishwe kwamba hakwenda kutalii. Picha zote za faili ziwekwe mahali mawili, mojawapo pake mwenyewe kwa neno la siri analolijua yeye tu. Hati hizo ni zake, na akifikisha miaka kumi na minane mpeni na karatasi zenyewe. Mfasiri asome kurasa mpya polepole, na kila ukurasa binti auone kwanza kabla ya bibi na shangazi.

WeChat ya ayi isiachwe ikafa. Picha moja wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina inatosha, na kumbukeni saa za huko ziko mbele ya saa za kimataifa (UTC) kwa saa nane, kwa hiyo simu ya mchana ya Chicago itamwamsha mama wa watu usiku wa manane.